Biasha wa Chunyu Apanda Wimbi

Kosa lenyewe lilikuwa la silabi moja tu, na kama sabuni ingekuwepo madukani mwaka ule, pengine lisingetokea kabisa.

Ulikuwa mwaka wa themanini. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, na sabuni nayo ilikuwa imekwisha. Biasha Mbaruku alikuwa mhudumu katika ofisi moja ya serikali pale Nachingwea, ofisi ambayo sitaitaja kwa kuwa wenyewe bado wapo na ni wepesi wa kununa. Umri wake ulikuwa arobaini kasoro kidogo. Kwao ni Chunyu, upande wa Ruangwa, katika zile familia zilizolima mikorosho na ufuta tangu babu wa babu. Alikuja mjini baada ya mumewe kufariki, akapata kazi ya kufagia, kupika chai na, juu ya yote, kuchota maji. Bomba la ofisi lilikuwa linakohoa hewa tu. Maji yalikuwa kisimani, bondeni, mwendo wa nusu saa kwenda na zaidi ya hapo kurudi, kwa kuwa kurudi ni kupanda. Biasha alikwenda mara nne kwa siku, ndoo kichwani, ngata chini ya ndoo, mikono imening'inia bure. Ngata ile aliisuka mwenyewe kwa vipande vya khanga kuukuu, akaikaza mpaka ikawa ngumu kama mkate wa juzi.

Pale ofisini hakuna aliyemwita kwa jina. Mkuu wao, Bwana Ernest, mtu wa kuja kutoka Moshi, alimwita Mama Maji, na wengine wote wakafuata. Kwenye daftari la mahudhurio, chini ya majina ya watu, mstari wa mwisho uliandikwa "Mhudumu". Biasha aliusoma mstari ule kila asubuhi, maana kusoma alikuwa anajua. Alijifunza ukubwani, kwenye darasa la kisomo cha watu wazima, miezi kumi na minane juu ya benchi lisilo na mgongo, na neno la kwanza aliloliandika bila kusaidiwa lilikuwa jina lake. Kwa hiyo hilo "Mhudumu" lilimuuma. Lakini alikuwa mtu wa kumeza na kuendelea na kazi.

Mwezi wa tano ikaja barua kutoka mkoani. Kungekuwa na michezo ya wafanyakazi siku ya Saba Saba, na mwaka huo ingefanyika Mnazi Pacha, kimji kidogo cha pwani, kaskazini ya Lindi. Kila ofisi itoe mtu mmoja kwa kila mchezo. Mpira watu wakapatikana, kuvuta kamba wakapatikana wengi kuliko kamba yenyewe. Ukabaki mchezo wa saba: kuogelea na kupanda wimbi kwa ubao. Hapo kila mtu akakumbuka kuwa ana mgonjwa nyumbani.

Karani wa ofisi aliitwa Methodius, kijana wa Bukoba mwenye miwani na haraka nyingi. Alipita chumba hadi chumba na karatasi yake, akamaliza vyumba, akamkuta Biasha uani anaosha vikombe.

"Mama Maji," akamuuliza, "wewe unaogelea?"

Damu ilimpanda Biasha usoni. Sabuni ilikuwa haijaonekana dukani tangu mwezi wa tatu, na watu mjini walikuwa wamekwisha kuanza kunusana kwa siri. Kumbe nanuka, akawaza. Kumbe wamekaa kikao, wamemtuma huyu mtoto.

"Naogea!" akasema, kwa ukali uliomshtua hata yeye mwenyewe. "Kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni. Kwa nini nisiogee?"

Methodius alikulia kando ya ziwa kubwa, ambako mtoto anajua kuogelea kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Masikio yake yalisikia yalichotaka kusikia. Akadhani mama huyu anakwenda kujitupa katika mabwawa ya mto Mbwemkuru.

"Asubuhi na jioni! Hayo ni mazoezi hasa, mama," akasema, akaandika. "Jina lako kamili nani vile?"

Biasha akakiweka kikombe chini. Miaka minne alikuwa pale, na hilo lilikuwa swali jipya.

"Biasha Mbaruku," akasema.

Baada ya siku tatu orodha ikabandikwa ubaoni, imepigwa taipu, ina mhuri. Biasha alikuwa anafagia mbele yake. Akasimama na fagio mkononi. Namba saba: Bi. Biasha Mbaruku. Akausoma mstari mara tatu, mara ya tatu kwa kidole. Jina lake lilikuwa limelingana na ya wenzake, herufi kwa herufi, wino ule ule. Ndipo akasoma kilichofuata na asikielewe, akaenda kumuuliza Methodius: kuogelea ndiyo nini?

Methodius akamwonyesha kwa mikono, akipiga hewa kama anayefukuza nyuki. Biasha akamtazama. Methodius akamtazama Biasha. Kisha mikono ikamshuka yeye mwenyewe.

Siku ile ofisi nzima ilicheka. Walicheka mpaka chai ikamwagika juu ya mafaili, na aliyeifuta ni Biasha. Bwana Ernest alitoka chumbani kwake akasimuliwa, akacheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza akasema, "Futa, Methodius. Andika ofisi yetu haina mshindani."

Methodius akatoa kalamu nyekundu.

"Usifute," akasema Biasha.

Alisema taratibu, lakini kalamu ilisimama hewani.

"Mama Maji," akasema Bwana Ernest, "bahari umewahi kuiona?"

"Sijaiona."

"Utakufa maji."

"Basi nitakufa na jina langu. Niacheni nalo."

Bwana Ernest hakuwa mtu mbaya, lazima niseme. Alikuwa mkuu wa ofisi tu, na huo ni ugonjwa unaompata mtu yeyote. Alimtazama mama yule kama anayemwona kwa mara ya kwanza, na nadhani ndivyo ilivyokuwa. "Haya," akasema. "Una likizo hujachukua, siku ishirini na nane. Nenda kajifunze. Siku moja kabla ya michezo Methodius atatangulia huko. Akikuona kwa macho yake umesimama juu ya wimbi, jina libaki. Asipokuona, kalamu nyekundu, na habari hii hatutaki kuisikia tena."

Biasha alipanda lori la magunia mwezi wa sita, akakaa juu ya magunia na mzigo wake: ndoo, na ndani ya ndoo unga wa muhogo, khanga mbili na ngata. Katika maisha yake hakuwa amesafiri peke yake hata mara moja. Kila safari palikuwa na mama, au mume, au msiba. Njia nzima alijiuliza ni shetani gani aliyempanda, na lori lilipopita njia panda ya Nanganga, ambapo angeweza kushuka akaenda zake Ruangwa, alikwisha inuka. Kisha akakumbuka fagio, na kidole chake juu ya karatasi. Akakaa.

Alifika Mnazi Pacha kesho yake, kipande cha mwisho kwa miguu. Bahari ilimkuta akiwa hajajiandaa. Alikuwa anatazama njia, akainua uso, nayo iko pale. Alitafuta ng'ambo hakuiona. Akaitua ndoo, akaketi mchangani, akasema kwa sauti, "Mama yangu wee," na wala hakuwa na mtu wa kumsikia.

Alikuwepo, kumbe. Nyuma yake, barazani kwa nyumba ya makuti, mwanamke mmoja mnene wa makamo alikuwa amemkamata mnyama wa miguu mingi, laini, wa rangi ya matope, anampiga juu ya jiwe kwa nguvu zote. Huyo ndiye Mwanawetu, mvuvi wa pweza wa Mnazi Pacha, mwenye mdomo mkali na moyo mpana, na sijui kipi kilikuwa kikubwa zaidi.

"Karibu, shoga," akasema bila kuacha kupiga. "Usiogope, huyu amekwisha kufa, namlainisha tu. Watoka wapi weye na ndoo yako?"

"Natoka Nachingwea, dada. Nimekuja kujifunza kuogelea."

Mwanawetu akaacha kupiga.

Biasha akamweleza yote, silabi na kalamu na yote. Mwanawetu alicheka, lakini kicheko chake hakikuuma. Kisha akaingia ndani akatoka na ubao mrefu wa msufi, mwepesi, umechongwa kidogo upande wa mbele. Wanawake wanaovua pweza mwambani walikuwa na mbao kama hizo. Maji yakijaa wakiwa bado mbali, huulalia ubao na kurudi pwani juu ya mawimbi. Pale Mnazi Pacha mwamba una mwanya, na mawimbi ya mwezi wa sita hupita mwanyani hapo yakiwa mazima. Kuyapanda kwa kulala tumbo kila mwanamke aliweza. Kusimama waliweza wachache, na Mwanawetu alikuwa mmoja wao kabla ya kunenepa.

"Utalala kwangu," akasema. "Asubuhi tutaingia majini. Maji ukiyanywa, yateme."

Aliyanywa. Siku ya kwanza alikunywa bahari kiasi cha kujaza pipa la ofisi. Maji yalimfika kiunoni tu akaanza kupiga kelele. Wimbi dogo, ambalo bata angelicheka, lilimkunja likamtupa mchangani, khanga shingoni. Jioni alikaa jua likimkausha, anatetemeka, mikono yake imejaa unga mweupe asiojua ulikotoka.

"Nenda kaoge maji ya kisima," Mwanawetu akamwambia. "Usilale na chunyu, itakuwasha."

Biasha akageuka haraka. "Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Kwamba mimi wa Chunyu. Mimi nimekwambia natoka Nachingwea."

Mwanawetu akamtazama kwa muda, hajui kama anatukanwa. Ilipomwingia, alicheka mpaka akakaa chini. Akamshika mkono, akaupitisha ukucha juu ya ngozi ukaacha mstari. "Chunyu ndiyo hii, mwanamke. Chumvi inayobaki mwilini maji ya bahari yakikauka. Kwenu nani kawapa jina hilo na bahari hamna?"

Hakuna aliyejua, wala mimi sijui. Lakini Biasha alikaa akiutazama mkono wake, akauramba kidogo, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ashuke lorini. Alikuwa amekuja mpaka huku na kijiji chake kimemkaa mwilini. Tangu hapo Mwanawetu hakumwita jina jingine ila Chunyu, na jina hilo Biasha hakulichukia.

Wiki ya kwanza alijifunza kuelea. Siri ya kuelea, kama alivyoelezwa, ni kuacha kugombana na maji, na Biasha aligombana nayo siku nne nzima, ya tano akachoka, akaelea. Wiki ya pili alijifunza kulala juu ya ubao na kupiga miguu. Wimbi la kwanza lililombeba hadi pwani lilimtoa kilio cha furaha ambacho hakuwa amekitoa tangu alipokuwa msichana. Aliinuka mchangani kifua kimechunika, akakimbia kurudi majini kabla Mwanawetu hajasema neno. Sasa hakuhitaji kusukumwa. Akaanza kuyajua mawimbi yale kwa tabia: lipi la maana, lipi la majivuno tupu linalokufia njiani.

Lakini kusimama hakuweza. Barua ilisema kusimama, na Bwana Ernest alisema kusimama. Mwanawetu alimfundisha kama alivyofundishwa yeye: lala, sukuma kwa mikono, ruka, simama. Biasha alilala, akasukuma, akaruka, akaanguka. Wiki ya tatu nzima alianguka. Alianguka kushoto, kulia na nyuma, na mara moja alianguka mbele ubao ukamfuata ukampiga kisogoni. Kila alipopata miguu yake juu ya ubao, aliitazama kuona kama ipo kweli, na kwa kuitazama alikwenda chini.

Tarehe sita, saa nne asubuhi, Methodius akafika. Alivaa viatu vyake vya ofisini, na kalamu nyekundu ilikuwa mfuko wa shati.

"Shikamoo, Mama," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetumwa kazi asiyoitaka.

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo. Tazama."

Alikaa, akatazama. Biasha akaanguka. Akatoka, akaingia, akaanguka. Mara saba alianguka mbele ya karani wake, na mara ya saba hakutoka majini upesi, alibaki ameinama, maji yakimfika magotini, ili chozi na bahari visiweze kutenganishwa. Alipotoka alimkuta Methodius amesimama.

"Mama, mimi ndiye niliyekosea, si wewe," akasema. "Ningekuuliza vizuri. Umeelea, umelala juu ya ubao, wote hawa wamekuona. Lakini nimetumwa kuona umesimama. Nitangoja mpaka saa kumi, gari la kupeleka orodha Lindi likiondoka. Zaidi ya hapo siwezi, na kudanganya siwezi."

Biasha alifanya kile alichokifanya siku zote akiwa na hasira: alichukua ndoo, akaenda kuchota maji. Mtungi wa Mwanawetu ulikuwa mtupu, na kazi ni kazi. Alikwenda kisimani nyuma ya minazi, akajaza mpaka ukingoni. Akaiweka ngata kichwani, akachutama, akaipandisha ndoo, akainuka. Akarudi kwa njia ya mkato, juu ya mawe ya pwani yenye utelezi wa mwani, akipanda na kushuka, akinung'unika peke yake kwa Kimwera, mikono imening'inia bure.

Mwanawetu alikuwa barazani. Akaona. Akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kufukuza kuku: "Chunyu. Ndoo hiyo umeishika kwa mkono gani?"

"Sijaishika."

"Na miguu yako unaiona?"

"Nitaionaje, na ndoo kichwani?" Biasha akasema kwa hasira. Kisha akajipapasa. Ndoo ilikuwa imejaa hadi mdomoni, na hata tone moja halikuwa limemgusa bega.

Mwanawetu hakungoja. Akamtua ndoo, akachukua kopo tupu la maziwa ya unga, akatia maji nusu, akamwekea juu ya ngata, akamshika mkono akamrudisha baharini kwa mwendo wa kukimbia, naye mnene vile. "Hakuna kulala wala kuruka. Chutama juu ya ubao kama uko kisimani. Nitakushikia. Wimbi likija, nakuachia, nawe inuka na maji yako. Usinimwagie!"

Biasha akachutama. Ubao ukayumba chini yake, shingo ikajibu peke yake, kiuno kikajibu shingo. Ilikuwa kazi aliyoifanya tangu ana miaka sita, huko Chunyu, nyuma ya mama yake. Wimbi likaja, la maana, si la majivuno. Mwanawetu akaachia. Biasha akainuka kama anavyoinuka kila siku mara nne, wala hakutazama miguu, maana mtu mwenye maji kichwani hutazama mbele. Mbele palikuwa na pwani, na pwani inamjia. Minazi ilikuwa inamjia, na Methodius amesimama mdomo wazi, anamjia pia. Ubao ulipogota mchangani, akashuka kwa mguu mmoja, kisha wa pili, akalishusha kopo, akachungulia ndani.

"Nusu," akasema. "Nusu ile ile ipo."

Methodius alikuwa amesahau viatu, amesimama majini navyo. Aliitoa ile kalamu nyekundu, akaitazama, akaifunga, akairudisha mfukoni. Kisha akapiga kelele kwa Kihaya, kelele ambayo hakuna aliyeielewa na kila mtu aliielewa.

Siku ya Saba Saba pwani ilijaa watu. Washindani wa mchezo wa saba walikuwa tisa, sita wakiwa wanaume wa pwani wenye vifua vipana, wakipeana mikono kabla ya kuanza kana kwamba ushindi ni wa kugawana wao kwa wao. Sharti lilikuwa jepesi: kila mtu mawimbi matatu, anapofikia panachomekwa bendera yake, na mwenye kubebwa mbali zaidi akiwa amesimama ndiye mshindi. Biasha alitokea wa mwisho, kibwebwe kiunoni, ngata kichwani, kopo juu ya ngata. Kicheko kilianzia mbele kikafika nyuma. Bwana Ernest, aliyekuja na gari la wakuu, alijifunika uso kwa kofia.

Mwamuzi akamsimamisha. "Hicho kichwani nini?"

"Maji," akasema Biasha.

"Sheria inasema mshindani asishike kitu."

"Sijashika," akasema, akanyoosha mikono yote miwili, mitupu, watu wote waione.

Mwamuzi aliisoma karatasi yake upande huu na upande ule. Halikuwemo neno juu ya kichwa. Akampisha.

Wimbi la kwanza lilikuwa dogo, likamchukua nusu njia. La pili alilikataa, akaliacha lipite, na watu wakapiga miluzi, hawajui kwamba anachagua. La tatu lilipoingia mwanyani aliliona tangu mbali, pana, halina haraka. Mwanawetu akasema "Chunyu, hilo lako," akaachia. Biasha akainuka. Wale wenye vifua vipana walikuwa wamesimama kwa kuinama na kupepesa mikono. Huyu alisimama wima, mikono chini, kama mama anayekwenda zake nyumbani, na wimbi likampitisha mbele ya bendera zote za wenzake, bendera ya nane, ya saba, mpaka ile ya mbele kabisa, akaipita hiyo nayo, likamfikisha kwenye mchanga mkavu. Kicheko kilikuwa kimekwisha zamani. Sasa ilikuwa kelele, na kelele ile nimeambiwa ilisikika mpaka mashambani.

Biasha akashuka. Akalishusha kopo. Miaka yote alikuwa amechotea watu maji: baba, mume, wakuu, wageni wa wakuu. Mbele ya mkoa mzima akaliinua lile kopo akayanywa yeye, yote, mpaka tone la mwisho. Yalikuwa ya baridi, matamu, na alihisi furaha inamshuka nayo kifuani mpaka miguuni.

Mtu wa kipaza sauti akamkimbilia. "Jina lako, mama?"

"Biasha Mbaruku." Jina likatoka kwenye spika kubwa, likaenda baharini likarudi.

"Unatoka wapi?"

Jua lilikuwa limekwisha kumkausha. Mikono yake ilikuwa myeupe, na mashavu, na shingo. "Chunyu," akasema.

"Tunaiona!" akajibu mtu mmoja wa pwani, na watu wote wakacheka, na Biasha akacheka kuliko wote.

Zawadi ilikuwa katoni nzima ya sabuni. Kwa mwaka ule sidhani palikuwa na zawadi kubwa zaidi mkoani. Miche miwili alimwachia Mwanawetu, aliyekataa mara tatu na kuchukua mara ya nne, huku akifuta macho na kusema ni moshi, ingawa moto haukuwashwa. Jioni Mwanawetu akamwambia kama kawaida, "Kaoge, usilale na chunyu."

"Leo siitoi," akasema Biasha. "Hii naipeleka kwao, Chunyu."

Akapanda gari la kwenda Ruangwa ngozi ikimwasha njia nzima. Mama yake, Bi Mwantumu, alikuwa uani Chunyu anapepeta ufuta. Alikuwa mzee sana, na Kiswahili alikijua kwa shida. Biasha akapiga magoti kumsalimu, kisha akamnyooshea mkono. "Mama, onja."

Bi Mwantumu aliushika ule mkono, akaunusa, akagusa kwa ncha ya ulimi. Akarudi nyuma.

"Chumvi!"

"Ni bahari, mama. Nimesimama juu yake. Wao kule hii wanaiita chunyu."

Mama akaonja tena, akakaa nayo mdomoni. "Bahali," akasema polepole, akijaribu neno. "Miaka yote hii nasikia iko. Kumbe ni sisi." Kisha, kwa kuwa ni mama, akampima kwa macho kutoka kichwani hadi miguuni. "Sasa nenda kaoge, mwanangu. Mfungo unakaribia nawe umekaa hivyo."

Akaenda akaoga, na kwa sabuni.

Alhamisi alikuwa Nachingwea, saa moja na nusu, fagio mkononi. Kwenye daftari la mahudhurio mstari wa mwisho ulikuwa umefutwa kwa kalamu nyekundu, na juu yake, kwa mwandiko wa Methodius wenye haraka, paliandikwa jina lake lote. Aliusoma kwa kidole, akaweka sahihi. Ubaoni ile orodha bado ilikuwepo, na mbele ya namba saba paliandikwa "Wa kwanza".

Saa nne mlango wa mkuu ukafunguka. "Mama Ma..." akaanza Bwana Ernest, akakwama. Makarani wakaacha kuandika. "Naomba... maji," akamalizia.

Biasha akaegemea fagio lake, hana haraka.

"Yapi, bwana mkubwa? Ya kuogea, au ya kuogelea?"

Kicheko kilianza kwa Methodius, kikapita meza kwa meza, na safari hii Biasha hakuwa na chai ya kufuta. Bwana Ernest alijizuia kadiri alivyoweza, kisha akavua miwani, akapangusa macho, akamtazama.

"Ya kunywa, Bi Biasha Mbaruku," akasema. "Ya kunywa, tafadhali."

Ndipo akaenda kumletea.